Dún Laoghaire kwa miguu: lifuate jiwe

Ukipata siku moja ya nafasi ukiwa Dublin, nenda Dún Laoghaire, lakini usishuke katika kituo cha Dún Laoghaire. Pitiliza vituo vitatu mpaka Dalkey, kisha urudi kwa miguu. Hivi ndivyo ninavyowaelekeza ndugu na marafiki wanaokuja kunitembelea kutoka Mombasa. Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani katika mitaa hii, kwa hiyo naipita asubuhi na jioni, mvua na jua, na nimeona jinsi wageni wanavyoingia mjini na kutoka bila kujua walikokuwa. Ukitokea kituoni, cha kwanza utakachokiona ni mashua za matanga, foleni ya aiskrimu na watu wanaotembeza mbwa. Unaondoka ukisema ni mji wa starehe. Ukilifuata jiwe tangu lilikochimbwa mpaka lilikozamishwa, utaelewa kwamba bandari hii ilijengwa kwa sababu ya maiti.

Jina lake tamka "Dan Liari" na kila mtu atakuelekeza.

Maandalizi si mengi. Nunua kadi ya Leap dukani, weka pesa, itumie kwenye treni ya DART. Vaa viatu vilivyofungwa, maana njia ya timboni ina kokoto na ngazi. Chukua koti la kuzuia upepo hata kama Julai jua linawaka, kwa sababu gatini upepo una mambo yake. Muhimu kuliko yote, angalia utabiri wa hali ya hewa. Ukisikia upepo mkali wa mashariki, ahirisha. Siku hizo mawimbi huruka ukuta wa gati na kumwaga maji upande wa pili, na hakuna picha inayostahili hatari hiyo. Mwendo wote utakuchukua nusu siku ukienda polepole.

Kwenye treni, kaa kushoto

Panda kituo cha Connolly, Tara Street au Pearse, treni inayokwenda Bray au Greystones, ukae upande wa kushoto. Mara tu baada ya nyumba kuisha, bahari inajitokeza, na kama maji yametoka utaona mchanga mtupu umeenea mbali sana. Utazame vizuri mchanga huo. Ghuba ya Dublin ni ya maji mafupi, na mdomo wa mto Liffey ulikuwa na fungu la mchanga lililozifanya meli zisubiri maji yajae ndipo ziingie mjini. Meli iliyosubiri humo upepo wa mashariki ukiizukia haikuwa na pa kukimbilia. Serikali ililijua tatizo hili kiasi cha kumleta William Bligh, yule nahodha wa meli ya Bounty aliyepinduliwa na mabaharia wake, aipime ghuba mwanzoni mwa miaka ya 1800. Ramani ilichorwa, na meli zikaendelea kuvunjika.

Treni ikifika Blackrock, na kisha Seapoint, weka simu chini. Novemba 1807 meli mbili, Prince of Wales na Rochdale, ziliondoka Dublin zikiwa zimejaa askari, wengine na wake zao na watoto. Dhoruba ya theluji ikazirudisha pwani. Prince of Wales ilipigwa kwenye miamba ya Blackrock. Nahodha na watu wachache walijiokoa kwa mashua, walioachwa ndani wakafa. Rochdale ilivunjikia Seapoint, chini ya mnara wa Martello, ule mnara mnene wa mviringo utakaouona kushoto kwako karibu kabisa na maji. Hakupona hata mmoja, na nchi kavu ilikuwa mita chache tu kutoka pale. Jumla waliokufa ni karibu 400. Dirisha la treni linakupitisha hapo kwa muda mfupi sana, na mimi huwa nawaambia wageni wangu wanyamaze kidogo.

Baada ya msiba huo watu hawakukubali tena kutulizwa. Baharia mmoja mzaliwa wa Norway, Richard Toutcher, aliipigania kwa miaka fikra ya bandari ya kimbilio: mahali ambapo meli yoyote iliyoelemewa na dhoruba ingeingia na kutia nanga. Biashara haikuwa hoja ya kwanza. Hilo likae kichwani, kwa sababu hata leo watu wa Dún Laoghaire wanapobishana kuhusu bandari yao, ubishi wenyewe huwa ni huo: bandari hii ni ya nini?

Dalkey: kwenye timbo

Ukishuka Dalkey, uliza njia ya Ardbrugh Road na upande. Utatokea kwenye timbo kubwa la graniti, kuta za jiwe zimesimama wima, na siku ya jua utawaona vijana wananing'inia kwa kamba, maana sasa ni mahali pa mchezo wa kupanda miamba. Lisogelee jiwe. Ni la kijivu lenye vipunje vinavyometa kama chumvi ya mawe, na kingo zake bado ni kali. Jiwe la msingi la bandari liliwekwa Mei 1817, na kwa miaka zaidi ya 20 mlima huu ulikatwa ukapelekwa baharini.

Pandisha mpaka juu uione ghuba yote. Chini kushoto utaona magati mawili yametoka nchi kavu na kukumbatia maji, yakiacha mlango mwembamba katikati. Nilimleta hapa mjomba wangu, mzee aliyestaafu kazi ya boti za kuvuta meli Kilindini. Alisimama mkono kwenye paji la uso, akakagua kimyakimya, kisha akauliza swali ambalo hakuna mgeni wangu mwingine aliyewahi kuuliza.

"Mwanangu, ufuo wote huu ni mchanga. Hawa wanauzuiaje usiingie humo ndani?"

"Ndiyo sababu magati ni mawili, mjomba. Mwanzo walipanga moja tu, lile la kulia."

"Na nani aliyewazindua?"

Aliyewazindua ni mhandisi John Rennie kutoka Uskoti. Alisema gati moja peke yake litakusanya mchanga mpaka bandari ijae, kwa hiyo likahitajika la pili upande wa magharibi. Rennie alifariki 1821 kazi ikiwa bado mbichi, na mwanawe akaiendeleza. Mjomba alitikisa kichwa kuridhika, akasema huyo alikuwa fundi. Kutoka kwake hiyo ni sifa kubwa.

Kushuka na njia ya The Metals

Sasa shuka na njia ya waenda kwa miguu iitwayo The Metals. Hii ndiyo reli iliyobeba mawe. Sehemu ya juu, kwenye mteremko, hawakuhitaji injini wala mnyama: mabehewa yaliyojaa mawe yaliunganishwa kwa mnyororo uliozunguka gurudumu kubwa juu, na yalipokuwa yakishuka kwa uzito wake yaliyavuta matupu kupanda. Kwenye tambarare farasi wakapokea. Ukitembea utakutana na sehemu ambazo vitalu vya graniti vilivyobeba reli bado viko ardhini. Piga goti, pitisha kidole. Watoto hupenda kutafuta vyenye matundu ya misumari, na hiyo ni njia nzuri ya kuwafanya watembee bila kulalamika.

Njia inakwenda sambamba na reli ya DART, na hapa pana jambo ambalo wapenda mitambo wasiliruke. Reli kutoka Dublin ilifika huku mwaka 1834, ya kwanza kabisa nchini Ayalandi. Mji ulipanuka kwa sababu yake: matajiri walijenga nyumba ndefu nyeupe zinazotazama bahari, wakawa wanakwenda kazini Dublin na kurudi jioni. Kisha kati ya miaka ya 1843 na 1854 kipande cha kwenda Dalkey kiliendeshwa bila injini ya moshi. Katikati ya reli kulikuwa na bomba lililonyonywa hewa, na treni ilivutwa na pistoni ndani ya bomba hilo. Juu ya bomba kulikuwa na mfuniko wa ngozi iliyopakwa mafuta ambao ulifunguka kuupisha mkono wa treni na kufunga tena nyuma yake. Kurudi chini, treni iliteremka yenyewe. Brunel, mhandisi mashuhuri wa Uingereza, alikuja kuiona. Ngozi ndiyo iliyokuwa udhaifu wake, maana ilivujisha hewa. Dalkey bado kuna barabara inayoitwa Atmospheric Road, na ukilipita jina hilo utajua limetoka wapi.

Glenageary na Glasthule yapite tu. Ni makazi mazuri, lakini si yaliyokuleta.

Gati la Mashariki

Ukifika majini, elekea Gati la Mashariki. Lina urefu wa kilomita 1.3, na ngazi mbili: ya chini imekingwa na upepo, ya juu iko wazi. Nenda kwa ya juu uione bahari ya nje, rudi kwa ya chini. Kabla ya kuanza utaona mnara wa jiwe uliochongoka, wa kukumbuka safari ya Mfalme George IV aliyeondokea hapa Septemba 1821. Kwa heshima yake mji ukaitwa Kingstown, jina lililodumu karibu miaka 100 mpaka 1920, wakati harakati za uhuru zimepamba moto, watu wakarudisha jina la zamani la Kiayalandi. Wengi hupiga picha hapo. Mimi sikai.

Nakaa zaidi kwenye kumbukumbu ya nahodha John McNeill Boyd wa meli ya HMS Ajax. Februari 1861 yeye na mabaharia wake walitoka kwenda kuwaokoa watu wa meli zilizokuwa zinavunjikia nyuma ya gati hilihili, wimbi likawachukua. Hatua chache mbele pana kijumba cha mawe kama hekalu dogo, kilichowekewa kipimo cha upepo mwaka 1852, kati ya vya mwanzo duniani. Viwili hivyo vitazame pamoja: hata baada ya kujengwa kimbilio, bahari ilikuwa bado inadai, na watu wakaanza kuupima upepo ili wajue unakuja na nguvu gani.

Ukifika mwisho kwenye mnara wa taa, kumbuka pia tarehe 24 Desemba 1895, mkesha wa Krismasi. Meli ya Kifini, Palme, ilikwama ghubani kwenye dhoruba. Boti ya uokoaji ya hapa ilitoka, ikapinduka, na wanaume wote 15 waliokuwa ndani wakafa. Walikuwa watu wa mitaa hiihii. Watu wa Palme waliokolewa siku mbili baadaye na meli nyingine. Wale 15 hawajasahauliwa: kila tarehe 24 Desemba watu hukusanyika gatini, wanasali, na shada la maua hutupwa majini. Kama uko Dublin wakati huo, njoo. Mtu hahitaji mwaliko.

Gati la Carlisle na wale waliokwenda

Ukirudi nchi kavu, geukia kulia kuelekea gati fupi la Carlisle. Hapa ndipo palipofungwa meli za barua za kwenda Holyhead, Wales. Tafuta nanga kubwa yenye kutu. Ni ya RMS Leinster, meli ya barua iliyopigwa topido na nyambizi ya Kijerumani UB-123 tarehe 10 Oktoba 1918, mwezi mmoja tu kabla ya vita kwisha. Ilikuwa na watu karibu 800, na waliokufa ni zaidi ya 500. Ndani yake kulikuwa na wafanyakazi wa posta 22 waliokuwa wakipanga barua chini, alipona mmoja. Nyambizi yenyewe haikurudi kwao, ilipotea siku chache baadaye. Hakuna maafa yaliyoua watu wengi zaidi katika Bahari ya Ayalandi.

Lakini gati hili halikuwa la vita tu. Maelfu kwa maelfu ya Waayalandi waliokosa kazi waliondokea hapa. Bibi mmoja niliyemhudumia miaka yake ya mwisho aliondoka katika miaka ya 1950, akiwa msichana, kwenda kusomea uuguzi Uingereza. Aliniambia treni iliingia mpaka gatini penyewe, na hilo ndilo lililomuuma. "Hapakuwa na mahali pa kuagana," alisema. "Unashuka kwenye treni, unapanda ngazi, umeshakwenda." Alinieleza hayo nikiwa namvalisha soksi, mimi niliyevuka bahari kuja nchi yake kufanya kazi ya aina ileile. Tangu siku hiyo, wageni wangu wenye ndugu Doha, Muscat au London nawasimamisha hapa. Historia hii wanaijua bila kufundishwa.

Bandari iliyokosa meli

Miaka ya karibuni ndiyo ambayo wenye vitabu vya utalii huipita haraka, na mimi naona ndiyo yenye somo kubwa. Mwaka 1996 kampuni ya Stena ilileta feri kubwa ajabu ya mwendo kasi, yenye matumbo mawili, iliyobeba abiria 1,500 na kufika Holyhead kwa dakika 99. Mji ulishangilia, jengo jipya la abiria likajengwa. Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1999 bidhaa zisizotozwa ushuru zilifutwa kwa safari za ndani ya Umoja wa Ulaya, na hizo zilikuwa zinaingizia feri fedha nyingi. Mafuta yakapanda, na chombo kile kilikunywa mafuta mengi mno. Mwaka 2006 handaki la barabara lilifunguliwa kuelekea bandari ya Dublin, malori yakawa hayana haja ya kubanana katika vichochoro vya Dún Laoghaire. Safari ya mwisho ilikuwa Septemba 2014. Mwaka uliofuata kampuni ikatangaza kwamba haitarudi, na shughuli ya feri iliyokuwapo tangu 1826 ikaisha.

Simama mbele ya lile jengo la abiria ufikirie hayo. Kulikuwa na mpango wa kujenga gati la meli kubwa mno za kitalii. Wakazi wengi wakaupinga kwa nguvu, wakisema ungeharibu maji ya mashua za matanga na mandhari ya mji, na halikujengwa. Oktoba 2018 bandari yote ilikabidhiwa kwa baraza la kaunti. Kwa maoni yangu hapo ndipo ilipoanza kurudi kwa wenyewe. Kaunti haina haja ya kulifanya kila jiwe lilipe, na watu wana pa kupeleka malalamiko yao.

Vuka barabara uione maktaba ya Lexicon iliyofunguliwa mwishoni mwa 2014, miezi michache tu baada ya feri kukoma. Ilipojengwa wengi waliichukia kwa ukubwa wake, na bado wapo wanaoiita ukuta. Ingia, ni bure. Panda ghorofa za juu, kaa kwenye dirisha kubwa linalotazama bahari. Utawakuta wanafunzi, akina mama na watoto, wazee wanasoma magazeti, na wahamiaji wenzangu wanajaza fomu. Bandari iliyojengwa iwe kimbilio inastahili jengo kama hili pembeni yake. Kanisa la zamani la mabaharia lililo jirani, la mwaka 1837, sasa ni Makumbusho ya Taifa ya Bahari. Kama una saa moja zaidi, nenda ukaione taa ya mnara wa Baily, rundo la vioo refu kuliko mtu.

Malizia kwa Casement

Kutoka hapo shika njia ya pwani kuelekea mashariki. Utapita duka la Teddy's, linalouza aiskrimu tangu 1950. Panga foleni, haichukui muda. Karibu yake ni mabafu ya zamani ya bahari yaliyokarabatiwa na kufunguliwa mwishoni mwa 2022. Watu wanaoga hapo mwaka mzima, bila kulipa. Kwenye ncha ya gati lake jipya amesimama mtu wa shaba, mrefu wa mita tatu. Soma jina: Roger Casement.

Msomaji wa Kongo, tenga muda wako hapa. Casement alizaliwa jirani, Sandycove, mwaka 1864. Mwaka 1903, akiwa balozi mdogo wa Uingereza katika Kongo ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, alipanda mto na kuandika aliyoyasikia kutoka vinywani mwa watu: wake walioshikwa mateka mpaka waume walete utomvu wa mpira, vijiji vilivyohamwa, mikono iliyokatwa. Ripoti yake ilitolewa 1904 na ikawa moja ya nyundo zilizouvunja utawala binafsi wa Leopold. Baadaye Casement aligeukia nchi yake mwenyewe. Aprili 1916 alikamatwa pwani ya Kerry baada ya kutafuta silaha Ujerumani kwa ajili ya uasi wa Ayalandi, na tarehe 3 Agosti akanyongwa London kwa kosa la uhaini. Sanamu iliwekwa 2021.

Namheshimu, na bado kuna jambo linalonikera kila nikipita. Ripoti ilipochapishwa, Wizara ya Mambo ya Nje mjini London iliondoa majina ya mashahidi Wakongo ikaweka herufi mahali pake. Casement mwenyewe alilipinga hilo. Bila wanaume na wanawake wale waliothubutu kusema, asingekuwa na cha kuandika. Ningependa kuona jiwe moja tu la Dalkey limewekwa miguuni pake, likiwataja wao kwa namna yoyote inayowezekana. Baraza la kaunti hupokea maoni ya umma, na ukitembelea mahali hapa unaweza kuwaandikia wewe pia. Wakipata barua kutoka Bukavu na Kisangani haitakuwa rahisi kuziweka kando.

Kwa kurudi, usitembee tena mpaka kituo cha Dún Laoghaire. Kituo cha Sandycove na Glasthule kiko karibu zaidi, panda juu kidogo kutoka pwani. Kama una saa mbili tu, acha timbo na The Metals, shuka Dún Laoghaire, fanya Gati la Mashariki, nanga ya Leinster na Casement, kwa utaratibu huo. Seapoint utaipita ukiwa kwenye treni, kwa hiyo kaa kushoto wakati wa kwenda na kulia wakati wa kurudi.